Resitali ya piano Lubumbashi, muziki wa 1905 hadi 1953: mwongozo kamili

Anayetaka kupiga resitali ya muziki wa karne ya 20 kwa kawaida huandika kwanza orodha ya vipande, kisha hutafuta ukumbi, na wiki ya mwisho ndipo anapokutana na piano. Hapa Lubumbashi mpangilio huo huleta aibu jukwaani. Piano za mji huu ni chache, nyingi ni za wima, zinakaa parokiani, shuleni au katika nyumba za zamani, na kila moja ina tabia zake. Kazi inaanza kwenye piano. Vipande vitachaguliwa baada ya kujua chombo kinakubali nini. Mwongozo huu unafuata njia hiyo kwa resitali ya mpigaji mmoja, dakika 67 za muziki, ikitayarishwa kwa miezi minne.

Ichunguze piano kabla ya kuomba tarehe

Omba saa mbili peke yako na piano, mahali patulivu. Beba simu yenye programu ya kupima sauti, metronomu, tochi, utepe wa karatasi, kalamu na daftari.

Anza na noti ya la. Piga la iliyo juu ya do ya kati: piano iliyolingana husoma Hz 440. Pima na la nyingine zote saba, chini hadi juu kabisa, uandike kila moja iko senti ngapi chini au juu (senti 100 ni nusu toni). Ikiwa zote ziko ndani ya senti 20, ulinganishaji wa kawaida utatosha. Kati ya 20 na 50, piano itapandishwa kwa awamu mbili au tatu, na awamu ya kwanza ifanyike angalau wiki sita kabla ya resitali, kwa sababu nyuzi zilizovutwa hurudi chini.

Zaidi ya senti 50, na nyuzi zina kutu, usikubali ipandishwe. Hesabu yake ni hii: kupanda senti 50 huongeza mvuto wa kila uzi kwa asilimia 6 hivi, na nyuzi zote za piano, ambazo ni kama 230, kwa pamoja huvuta kwa uzito wa tani 18 hadi 20. Ndiyo kusema unaiongezea fremu iliyozeeka mzigo wa tani nzima. Nyuzi zitakatika, na uzi wa besi uliovikwa shaba hutengenezwa kwa kipimo na kuagizwa nje, hata kama shaba yenyewe inatoka chini ya miguu yetu. Bahati nzuri, hii ni resitali ya mtu mmoja: hakuna fidla wala filimbi ya kufuatana nayo. Piano yenye la ya Hz 428, mradi imelingana yenyewe kwa yenyewe, inasikika vizuri, na katika wasikilizaji mia moja ni mmoja au wawili tu watakaotambua.

Halafu pitia vibonye vyote 88, kimoja kimoja, kwanza polepole kwa sauti ndogo uwezavyo, kisha kwa nguvu. Kila chenye kasoro kibandike utepe na uandike kasoro yake. Utakutana na haya:

- Kibonye kinashuka hakirudi. Msimu wa mvua, kitambaa kilichomo kwenye tundu la kibonye huvimba. Fundi hukibana kidogo kwa koleo maalumu. Wakati mwingine ni sarafu au penseli iliyodondoka ndani. Usipulize mafuta ya aina yoyote: yananyonya vumbi na baada ya miezi miwili vibonye kumi vitakwama badala ya kimoja.
- Kibonye kinasikika kwa nguvu tu, kikipigwa polepole kinanyamaza. Nyundo inaachiliwa mbali mno na uzi. Kwenye piano nzuri huachiliwa ikiwa imebaki milimita 2 au 3. Ikiachiliwa kwenye 8, hakuna pianisimo, yaani sauti ndogo kabisa. Kasoro hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa muziki wa Debussy na Schoenberg, na fundi anaweza kuirekebisha kwa kuzungusha skrubu, mradi apewe siku nzima.
- Sauti haizimi kidole kikiondoka. Kizima-sauti kimeliwa na nondo au kimepinda.
- Mtetemo, kama nzi ndani ya kopo. Tafuta kwanza nje ya piano: kinara cha mshumaa, fremu ya picha, kioo cha dirisha. Nusu ya mitetemo haiko kwenye piano kabisa.

Fungua kibao cha chini umulike. Panya hutengeneza kiota kwa kitambaa cha nyundo, na mchwa hupanda kwa mguu uliogusa ukuta. Njia ya mchwa kwenye ubao wa sauti inatosha kuikataa piano hiyo.

Sasa pima urudiaji. Weka metronomu kwenye 100, piga kibonye kimoja mara nne kwa kila hesabu, kwa vidole vinavyobadilishana. Hiyo ni kama mara 6,7 kwa sekunde, na piano ya wima iliyo katika hali nzuri inafika 7 hivi. Piano ya mkia, ile kubwa ya kulala, inaweza karibu maradufu, kwa kuwa kibonye chake hakilazimiki kurudi juu kabisa kabla ya kupigwa tena. Ikiwa noti zinaruka, futa kwenye ndoto zako Alborada del gracioso na Scarbo za Ravel. Hakuna mazoezi yanayoshinda mtambo.

Pedali ya kulia ikaguliwe kwa kuikanyaga robo, nusu, yote: sauti inabadilika kwa ngazi, au ni kama taa ya kuwasha na kuzima? Pedali ya kati ya piano nyingi za wima hushusha pazia la kitambaa tu kwa ajili ya majirani. Haishiki noti za besi kama ya piano kubwa ya mkia, kwa hiyo usipange kipande kinachoitegemea.

Mwisho, pini. Mwombe fundi alinganishe oktava mbili, urudi baada ya saa 24. Zikiwa zimeshuka zaidi ya senti 5, pini zimelegea kwenye mbao na piano hiyo haitamaliza resitali ikiwa imelingana. Tafuta nyingine.

Unyevu wa hewa, kiangazi na mvua

Ubao wa sauti ni mbao: ukinyonya unyevu unavimba na kuvuta nyuzi juu, ukikauka unazilegeza. Lubumbashi ina misimu miwili inayopingana kabisa. Mvua huanza Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha inakuja miezi ya ukavu, ambayo Agosti na Septemba huwa mikavu ya kupasua midomo. Piano iliyolinganishwa Machi itakuwa imeshuka Agosti, na haishuki sawasawa: noti za katikati huenda zaidi ya zile za pembeni, kwa hiyo oktava zinakataana.

Tarehe nzuri iko Juni au mapema Julai. Mvua imekwisha muda mrefu, mbao zimetulia, na mabati hayalii. Watu wanasahau hili la mabati: tone la mvua ya Februari juu ya ukumbi wa bati linafuta muziki wowote ulio chini ya forte (sauti kubwa). Tatizo la Juni ni baridi. Usiku joto hushuka chini ya digrii 10, na vibonye vya asubuhi ni kama barafu kwenye vidole; utaona mbele namna ya kujipanga.

Nunua higrometa (vipima unyevu) mbili za bei nafuu, moja ndani ya piano, moja ukumbini, uziandike kila siku. Unataka asilimia 45 hadi 60, lakini kutobadilika ni muhimu kuliko namba yenyewe. Ikishuka chini ya 40, tundika mataulo mabichi mawili ukumbini jioni; ndani ya piano ya wima unaweza kuweka chupa ya plastiki yenye matundu na sifongo kilicholowa, ikisimama juu ya sahani, isiguse mbao. Piano isikae karibu na dirisha la magharibi. Na isihamishwe tena baada ya kulinganishwa: kilo 200 au 300 zilizopakiwa kwenye kamioneti na kupitishwa kwenye mashimo zinahitaji wiki mbili au tatu za kutulia.

Programu

Mfano huu umetengenezwa kwa piano ya wima yenye afya ya wastani. Muda ni wa kukadiria.

Sehemu ya kwanza:
1. Samuel Coleridge-Taylor, vipande viwili kutoka 24 Negro Melodies, op. 59 (1905): dakika 8
2. Claude Debussy, kutoka Préludes, kitabu cha kwanza (1910): Danseuses de Delphes, Des pas sur la neige, La cathédrale engloutie: dakika 14
3. Arnold Schoenberg, vipande sita vidogo, op. 19 (1911): dakika 6
4. Béla Bartók, Ngoma za Kiromania (1915): dakika 6

Mapumziko, dakika 15.

Sehemu ya pili:
5. Maurice Ravel, Sonatine (1903–05): dakika 12
6. Sergei Prokofiev, vitano kutoka Visions fugitives, op. 22 (1915–17): dakika 6
7. György Ligeti, Musica ricercata, namba 1 hadi 3 (1951–53): dakika 7
8. Alberto Ginastera, Danzas argentinas, op. 2 (1937): dakika 8

Ginastera anamfuata Ligeti ingawa alitangulia kwa miaka, kwa sababu ngoma ndiyo inayofunga usiku vizuri. Mpangilio wa tarehe ni wa makumbusho. Wa ukumbini ni wa masikio. Schoenberg amewekwa kati ya Debussy na Bartók kwa makusudi: msikilizaji aliyetoka kwenye kengele za kanisa lililozama (La cathédrale engloutie) anaingia kwenye ukimya, na kabla hajachoka anapewa ngoma.

Kuna uzi unaoweza kuwasimulia watu. Kitabu cha Debussy kilichapwa 1910, mwaka ule ule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipoanzishwa. Na Ligeti alikuwa anaandika Musica ricercata Budapest wakati Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kwenye gitaa lake huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Sikio la Katanga lililolelewa na gitaa lile halishangazwi na midundo ya mbili juu ya tatu ya Ginastera.

Kipande kwa kipande, mahali panapovunjika

Coleridge-Taylor alikuwa Mwingereza, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Katika vipande hivi 24 alichukua nyimbo za Afrika na za Waafrika wa Marekani akazipa tungo za piano. Kila kipande kinaanza na wimbo wenyewe umeandikwa juu. Upige wimbo huo peke yake kwanza, kwa kidole kimoja, ndipo uanze kipande. Ukumbi wa watu wa kwaya utakushika mara moja. Hatari ni kuvipiga kama nyimbo za misa, vizito na vya polepole.

Kwenye La cathédrale engloutie kuna swali la mwendo ambalo waliosoma nota peke yake hulikosa. Debussy mwenyewe alirekodi kipande hiki kwenye karatasi ya piano ya kujipiga, na bari 7 hadi 12 na 22 hadi 83 anazipiga kwa kasi maradufu ya ile inayoonekana kuandikwa: nusu noti ya hapo ni sawa na robo noti ya kwingine. Ukifuata karatasi tu, kengele kuu zinakuwa nzito kama maiti na kipande kinapita dakika nane. Kilele chenyewe, kwenye bari 28, kinadai sauti kubwa isiyo kali. Kwenye piano ya wima, do za chini hazibaki muda mrefu kama akodi za juu zinavyotaka. Dawa: piga besi kwa uzito wa mkono mzima, nusu pumzi kabla ya akodi, ubadilishe pedali kwa robo tu, usiinue mguu wote. Kanisani, hasa kwenye ukubwa wa Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, fanya kinyume: mwangwi wa jengo ni pedali ya pili, kwa hiyo mguu unyanyuke mara mbili zaidi ya nyumbani.

Des pas sur la neige inasimama juu ya noti tatu, re-mi-fa, zinazorudi mwanzo hadi mwisho kwa pianisimo. Ikiwa mojawapo ya vibonye hivyo ina utepe kwenye orodha yako, na fundi ameshindwa, toa kipande hiki uweke La fille aux cheveux de lin. Hakuna ujanja hapa.

Schoenberg: vipande vitano vya kwanza viliandikwa siku moja, 19 Februari 1911, cha sita aliandika Juni, baada ya kifo cha Mahler. Cha pili na cha sita vina bari tisa kila kimoja. Katika cha pili sol na si zinagongwa pamoja, fupi na kavu, na urefu wa ukimya kati yake ndio muziki. Wapigaji wengi huukimbia ukimya huo kwa sababu wanaogopa watu watakohoa. Hesabu kimoyomoyo hadi mwisho, mikono ikae juu ya vibonye. Mikono ikishuka magotini tu, ukumbi utapiga makofi katikati. Cha sita kinaisha kwa alama ya pppp, ndogo hata kuliko pianisimo. Kama piano yako haina pppp, cheza kwa pp (pianisimo) na ushushe kila kitu kingine kisizidi mf (nguvu ya wastani). Kinachosikika ni tofauti, si kiasi.

Bartók alikuwa na tabia ya kuandika muda kamili, kwa sekunde, kwenye nota zake. Uufuate: unaonyesha kwamba ngoma hizi ni za haraka kuliko rekodi nyingi za kujipamba. Katika ya tano, hesabu ya mbili na ya tatu zinapokezana, usiisawazishe.

Ravel ni mgumu kwa sababu isiyoonekana kwenye karatasi. Katika sehemu ya kwanza ya Sonatine mikono miwili imeingiliana, kidole cha kulia kikipiga kibonye ambacho cha kushoto kimetoka kukiacha. Kwenye piano inayorudi polepole noti hiyo haitatoka. Kaa na penseli, uzungushie kila mahali kibonye kimoja kinapopigwa na mikono yote miwili, kisha amua mkono gani unakishika na upi unakiacha mapema. Sehemu ya tatu, Animé, iwe kasi ambayo piano inaimudu. Ikikwama kwenye 150, piga 138 bila aibu.

Kutoka kwa Prokofiev chukua namba 1, 3, 5, 7 na 10. Namba 7 inaiga kinubi na inataka pedali safi. Namba 10 ni ya mzaha, na mzaha ukipigwa kwa uso mkavu ndio unachekesha.

Ligeti namba 1 ina noti moja tu, la, katika oktava zake zote, hadi re inapotokea mwishoni kabisa. Hapo ndipo ile orodha yako ya la nane inapolipa: oktava iliyotofautiana senti 8 haifichiki, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kusikiliza. Mwambie fundi azipitie la peke yake asubuhi ya resitali. Namba 2 ina sol inayogongwa kwa nguvu na kurudiwa kwa kasi inayopanda. Ndiyo inayokata nyuzi. Piga kwa kidole cha tatu kilichoungwa na gumba, mkono ukianguka kutoka karibu, sentimita 5, si kutoka begani.

Kwa Ginastera, ngoma ya kwanza inaweka mkono wa kulia kwenye vibonye vyeupe na wa kushoto kwenye vyeusi. Vidole vitagongana hadi uamue kwamba mkono wa kushoto uko ndani, karibu na mfuniko, na wa kulia uko nje. Mwishoni utasikia nyuzi sita za gitaa zilizo wazi, mi-la-re-sol-si-mi: ziache zilie. Ya tatu inachosha mkono kabla ya ukurasa wa mwisho. Anza kwa robo tatu ya nguvu zako.

Mazoezi ya wiki 16

Wengi wetu tunafanya mazoezi kwenye klavia ya umeme. Inafaa kwa kujifunza noti, haifai kwa mambo mawili: vibonye vyake vyepesi vinadanganya mkono, na pedali yake ya bei nafuu haina nusu. Wiki ya 1 hadi ya 8, noti na vidole nyumbani. Kuanzia ya 9, angalau mara mbili kwa wiki kwenye piano yenyewe, saa na nusu kila mara. Ya 12, piga sehemu ya kwanza yote mbele ya watu watatu. Ya 14, programu yote bila kusimama, ukiwa na koti la siku hiyo na viatu vya siku hiyo, maana soli nene inaua pedali. Wiki ya 16 hakuna kipya.

Kupiga kwa kichwa si sheria. Schoenberg na Ligeti pigia nota bila kuona haya. Bandika fotokopi kwenye karatasi ngumu, kurasa tatu mbavu kwa mbavu, na vibanio vinne: madirisha yatakuwa wazi na upepo wa Juni haujui muziki.

Saa, mwanga, ukumbi

Jumapili saa kumi alasiri. Jumamosi za kiangazi ni za harusi, na utashindana na ukoo mzima. Ibada nyingi zimekwisha saa saba au nane, watu wamekula, na ukianza saa kumi utamaliza saa kumi na moja na nusu, kabla jua la Juni halijazama, wakati taxi-bus za komini za Katuba, Kenya na Ruashi bado zipo. Joto la siku pia limebaki ukumbini. Na faida kubwa kuliko zote: hauhitaji umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata, mwanga wa dirisha unatosha, pamoja na taa mbili za LED za kuchaji juu ya nota.

Jenereta isiwashwe muziki ukiendelea. Mvumo wake uko karibu na Hz 50, yaani karibu na sol ya chini kabisa ya piano, na unachafua kila besi. Piano isiwekewe maikrofoni kwa ukumbi wa watu 150 au pungufu. Maikrofoni moja ndogo ya betri kwa maneno inatosha.

Piano ya wima usiibandike ukutani. Ubao wa sauti uko nyuma, kwa hiyo igeuze mgongo uelekee watu kwa mshazari, fungua mfuniko wa juu, toa kibao cha chini. Sauti inaongezeka sana, nawe unawaona watu usoni. Ikiwa mgongo wake umechakaa, funika kwa kitenge chembamba kilichoning'inia, kisibanwe. Piano ya mkia iwe na mfuniko ulioinuliwa kuelekea watu. Viti vya plastiki vinalia kila mtu anapojisogeza. Omba mabenchi, au weka viti kwenye mkeka.

Ruhusa, karatasi, protokoli

Barua kwa mwenye ukumbi na nakala kwa komini, mwezi mmoja kabla. Kuhusu haki za watunzi: sheria ya Kongo ya 1986 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Coleridge-Taylor (1912), Debussy (1918), Ravel (1937), Bartók (1945), Schoenberg (1951) na Prokofiev (1953) wako huru, na nota zao zinapatikana bure IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, ingawa nchi nyingine zina miaka mirefu zaidi. Ginastera na Ligeti bado wanalindwa: nunua nota, na peleka orodha ya kazi hizo SOCODA, shirika la haki za watunzi, kabla ya kuuza tiketi.

Karatasi ya programu iwe ya Kiswahili na Kifaransa, ukurasa mmoja uliokunjwa. Mistari miwili kwa kila kipande, na mmoja wa hiyo umwambie mtu asikilize nini: "noti moja tu, hadi ya mwisho". Andika wazi makofi yapigwe baada ya namba ipi. Vyeo vya Préludes viweke mwishoni mwa maelezo kama Debussy alivyoviweka mwishoni mwa nota, si juu yake.

Wakubwa watachelewa. Usiwasubiri zaidi ya dakika 15, na hotuba zao ziwekwe baada ya mapumziko, dakika tatu, kabla hujarudi jukwaani. Sala ya kufungua iwe fupi. Muombe mchungaji au padri mapema, kwa jina na kwa heshima, siyo mlangoni. Mtu akifurahi atapanda kukubandikia noti ya pesa kwenye paji la uso, jambo jema kwenye rumba na janga katikati ya Schoenberg. Weka kikapu mlangoni na mama mmoja anayeheshimika pembeni yake. Msimamizi atangaze kwamba zawadi zinakwenda huko. Zamu wa lango apewe chai yake mapema na aelezwe asifungue lango la magari kipande kikiendelea.

Siku tatu za mwisho

Ijumaa: fundi analinganisha piano yote, saa tatu hivi. Jumamosi: unapiga programu nzima, unaandika kila noti iliyosogea. Jumapili saa mbili asubuhi: fundi anapitia noti hizo na la zote, dakika 45. Alipwe siku hiyo hiyo, pamoja na usafiri, na abaki hadi mwisho akiwa na ufunguo wake na kabari mbili za mpira. Uzi ukikatika wakati wa Ligeti, mapumziko yamekwisha, kwa hiyo mmekubaliana mapema kwamba atapanda kabla ya Ginastera, atakitoa kipande cha uzi kilichobaki na kuuzima uzi wa jirani kwa kabari. Noti nyingi za katikati na juu zina nyuzi tatu. Zilizobaki zinatosha.

Saa nane na nusu, maji ya vuguvugu kwa mikono, dakika tano, kisha ukaushe vizuri. Saa tisa piga mizani polepole kwenye piano yenye vibonye baridi, si vipande. Saa tisa na nusu milango inafunguliwa na wewe huonekani tena. Kiti kimepimwa na alama ya utepe iko sakafuni chini ya kila mguu wake, kwa sababu mtoto mmoja lazima atakisogeza.

Wakiomba kipande cha nyongeza, uwe nacho kimoja kifupi na chepesi: namba ya kwanza ya Mouvements perpétuels ya Poulenc (1918), dakika moja na nusu. Poulenc alikufa 1963, kwa hiyo naye ni huru hapa.

Jumatatu toa utepe wote kwenye vibonye, rudisha kibao cha chini, sukuma piano mahali pake bila kugusa ukuta, na umpe mwenye ukumbi ile daftari ya higrometa na orodha ya kasoro zilizobaki. Atakayepiga baada yako ataanza kazi mahali wewe ulipoishia.